Nilimchapia Marehemu, Akaja Kukagua

Nimechapa programu ya msiba, kisha marehemu akaja mwenyewe kuikagua. Msiniite mwongo, someni kwanza.

Naitwa Katungu. Mimi na mwenzangu Benny tunachapia watu barua hapa Katoyi, Goma. Kompyuta mbili, skrini moja. Katikati kuna kisanduku chenye kitufe: ukibonyeza, skrini inahamia kompyuta yako, naye mwenzako anaendelea kuchapa bila kuona kitu.

Sheria yetu ni moja. Kabla ya kubonyeza unasema, "Nageuza!" Mteja wa mwenzako anatazama ukutani, maana siri za watu si sinema.

Siku hiyo nilisahau.

Mteja wangu Laurence alikuwa analia tangu aingie. Vita vilifika Kibumba, bomu likaangukia nyumba ya mama yake, na kwa wiki tatu simu yake haikupatikana. Ukoo ukaamua kufanya matanga bila mwili.

Tena yeye na mama yake walikuwa hawasemezani miaka miwili, kwa ajili ya mume wake, ambaye mama hakumtaka.

"Andika chini ya foto," aliniambia. "Mama, unisamehe."

Kwa Benny alikaa Papa Habarurema, mkimbizi wa kambini, akikagua barua yake ya kuomba kazi. Nikabonyeza kimyakimya. Barua ikapotea, ikaja picha ya mama.

Mzee akaruka.

"Uyu mama tena! Asubui amenitukana ku robine ya mayi, pale kambini!"

"Papa, uyu alishakufa," nikamwambia.

"Alishakufa? Basi mufu ana kinywa! Nilimupita tu ku mulongo wa mayi, akaniambia kichwa yangu iko sawa shu, ile kabichi ya Kibumba, kubwa na ndani hamuna kitu."

Laurence akafuta machozi.

"Iyo njo matusi ya mama," akasema. "Njo yeye kabisa!"

Laurence na mzee wakapanda pikipiki, wakaenda kambini. Saa moja baadaye wakarudi watatu. Mama Mukagasana, mzima, kanga imechanika, simu alikuwa ameiangusha wakati wa kukimbia. Akaketi mbele ya skrini.

"Munaandika nini juu yangu?"

Laurence akamwonyesha skrini kwa kidole.

"Soma. Lunettes zangu za kusomea zilibakia Kibumba."

Binti akasoma. Alipofika "alikuwa mama mupole", Papa Habarurema alikohoa. Alipofika "unisamehe", akaishia katikati ya neno. Akarudia mara mbili, ndipo likatoka. Mimi na Benny tulishindwa kujizuia, tukalia.

Mama akamshika binti mkono. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, tosha date ya kufa, uifute. Ingine yote, imprimer ku karatasi. Na bwana ya uyu binti aniletee iyo karatasi yeye mwenyewe, nimuone."

Jamani, kama una neno la msamaha, usilitunzie siku ya msiba. Jioni ileile nilimpigia mama yangu Butembo, nikamwambia nampenda.

Akaniuliza nimevunja nini.