Siku Diski Mpya Ilinisemea kwa Mum

Hii aibu nikiikumbuka hata saa hii masikio yanapata moto, lakini wacha niwaambie tu. Kompyuta yetu pale nyumbani Karagita ilikuwa imeanza kukwaruza, yaani ukiiwasha unadhani kuna mtu ndani anasaga mahindi kwa mawe, na kwa vile waranti ilikuwa bado haijaisha na risiti ilikuwa na jina la Mum (ndiye aliyeninunulia), tukaenda naye mpaka dukani Nakuru.

Fundi hakutusumbua. Akasikiliza, akakubali diski imeharibika, akatuwekea mpya na kuhamisha vitu vyangu vyote. Kisha akaniuliza, "Boss, nifungue faili moja tuhakikishe ziko sawa?"

"Fungua yoyote," nikamjibu, na mimi huyo nikaenda kuchagua kava ya simu (kitu hata sikuhitaji).

Akafungua faili ya sauti, na sauti yenyewe ilikuwa yangu. Spika za duka zilikuwa kubwa, na hiyo diski mpya haikuwa na kelele hata kidogo ya kunisitiri. "Mum, kuna kitu nataka kukwambia. Kule ofisi ya shamba la maua walituachisha kazi. Asubuhi nikitoka huwa naenda Kamere, nakaa kando ya ziwa, nakula ile chakula umenifungia, halafu jioni narudi..."

Nilikuwa nimejirekodi nikifanya mazoezi ya kumwambia, kwa sababu kila nikimwangalia usoni maneno yalikuwa yananikwama. Nikaruka kwenda kuizima, nikaangusha rafu nzima ya kava, na foleni yote ikageuka kunitazama. Mum akainua mkono.

"Wacha iendelee. Nataka kusikia mwisho."

"Mathe, inaishia hapo," fundi akasema polepole.

Na kweli iliishia hapo, sikuwahi kupata la kumalizia. Basi nikamalizia pale pale, kava zimetapakaa miguuni, mbele ya watu nisiowajua, nikamwambia niliogopa ataacha kuwaambia majirani kijana wake yuko ofisini. Mum akainama, akaanza kuokota kava moja moja.

"Na vile nilikuwa nakufungia chapati," akasema, "ukazila kwa baridi ya ziwa peke yako. Si ungezila nyumbani?"

Nikainama tukaokota pamoja.

Tangu hapo sijirekodi tena. Nikiwa na neno la kumwambia Mum, namfuata nalo jikoni likiwa bado bichi, na likikwama, linakwama akiniona.