Mashine Iliyokuwa Ndani ya Saa ya Ndugu Yangu

Baba alikuwa fundi saa mjini Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka la vitambaa, meza moja na kioo mbele, na sisi watoto wake wawili, ndugu yangu na mimi, tulisomeshwa na saa za watu. Mama alipofariki nilikwenda kumchukua Baba, nikamleta kwangu Richfield, huku Amerika, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo ndege hupita juu yake zikishuka hadi vikombe vinagongana kabatini.

Tayari alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni alisahau mahali alipoweka miwani. Kisha akasahau kwamba Mama amekufa. Nilipomwambia alilia kama anaisikia habari ile mara ya kwanza, na kesho yake akaniuliza tena, nikamwambia tena, akalia tena. Wiki ya tatu niliacha kumwambia. Nilisema yuko sokoni.

Mwaka wa pili akanisahau mimi. Ninafanya kazi ya unesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwa kuwa kila asubuhi aliniona na sare, aliamua kwamba yuko hospitalini na mimi ndiye ninayemhudumia. Akawa ananiita Sista. "Sista, naomba chumvi." "Asante sana, Sista, Mungu akubariki." Watoto wangu wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, basi wao akawafanya wageni waliokuja kutazama wagonjwa. Adabu yake ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Nilitamani anikaripie hata mara moja, kama alivyokuwa akinikaripia nikiunguza wali.

Ndugu yangu anaishi Anoka, upande wa kaskazini, mwendo wa karibu saa moja barabara ikiwa na magari. Ndiye mkubwa. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka ishirini na miwili, mimi nikiwa shule ya msingi. Siku ya kuondoka, Baba alimfunga mkononi saa kubwa ya wazamiaji, ya mtindo wa zamani: uso mweusi, namba zinazong'aa gizani, na pete ya juu inayozunguka, ambayo mzamiaji huitumia kupima dakika alizokaa chini ya maji. Baba alisema Mzungu mmoja aliiacha itengenezwe, asirudi tena.

"Ni orijino," alimwambia. "Itunze."

Ndugu yangu hajui hata kuogelea, lakini saa ile aliivaa kila mahali. Aliivaa kwenye shifti za usiku, aliivaa kanisani, aliivaa siku alipoapishwa kuwa raia. Mtu akimwuliza, alimweleza habari zote za Mzungu yule kama anayetaja ukoo wake. Na nyumbani hakurudi. Kwanza karatasi za kuishi huku zilikuwa hazijakamilika, halafu kazi, halafu aibu ya kukaa muda mrefu mno. Mama alizikwa yeye akitazama kwenye simu, ameegesha gari nje ya kazini, na mtandao ulikatika kabla jeneza halijashuka.

Majani yalipoanza kuanguka mwaka jana, saa ikaanza kusimamasimama. Aliipeleka kwa fundi mmoja Saint Paul. Jumapili iliyofuata alikuja kwangu kutoka kanisani, akiwa bado na tai, akaiweka saa juu ya meza ya jikoni kwa kishindo.

"Ni feki," alisema.

"Nani kasema?"

"Fundi. Aliifungua mbele yangu. Kasha limetengenezwa kuiga saa za zamani, uso umechorwa tu, umebandikwa kwa gundi. Hata mashine ya ndani si ya saa hii. Ni ya Kijapani, imetolewa kwenye saa nyingine ikashikiliwa na pete ya shaba iliyokatwa kwa mkono. Aliniuliza ni nani alifanya kazi hiyo." Akavuta kiti. "Miaka yote hii, Sis. Nimesimama mbele za watu nikiwaambia ni orijino. Fundi saa hawezi kutojua. Mzee alijua."

Baba alikuwa ameketi dirishani akiwatazama watu wakipakia vitu garini. Aliposikia neno saa aligeuka.

"Karibu, bwana," alimwambia ndugu yangu. "Saa ina nini?"

Ndugu yangu alinitazama. Nilimwonyesha kwa macho ampe. Sikuwa na nia yoyote kubwa, nilitaka tu sauti zishuke. Nikaenda kuleta mkebe wa vifaa vyake, ambao nilikuwa nimeubeba kutoka Nakuru kwa sababu hakukubali kupanda ndege bila huo, na ambao tangu afike alikuwa hajaugusa. Nikatandika foronya nyeupe mezani.

Jambo lililotokea baada ya hapo nimejaribu kumweleza daktari wake, naye akasema hutokea, kwamba mikono inaweza kukumbuka yale ambayo kichwa kimeyaacha. Lakini yeye hakuwepo. Baba, ambaye asubuhi ile nilimfunga vifungo vya shati, aliipeleka saa sikioni, akaitikisa kidogo, akasikiliza. Akabandika lenzi jichoni. Akachagua ufunguo wa kufungulia mfuniko bila kubahatisha, akauzungusha, mfuniko ukatoka.

"Hawa waliotengeneza kasha wamekuibia, bwana," alisema. "Ona maandishi ya mfuniko, hayana kina. Saa ya kuzamia ya kweli ina mpira mzuri hapa wa kuzuia maji. Hii ukioga nayo imekwisha."

"Nimeambiwa," ndugu yangu alisema kwa sauti kavu.

"Lakini mashine," Baba alisema.

Aliinama karibu zaidi. Akataja namba nne, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. Ndugu yangu alichukua simu, akawasha tochi, akamulika. Kando ya kigurudumu kidogo ambacho huchezacheza saa ikitembea, zikiwa zimepigwa muhuri kwa herufi ambazo mimi nisingeweza kuziona bila lenzi, zilikuwepo namba zile zile.

"Inajijaza yenyewe ukitembea," Baba aliendelea. "Ina vito ishirini na kimoja, vijiwe vya kuzuia vyuma visisagane. Kazi nzuri sana. Na skrubu hii unaiona? Haifanani na wenzake. Ile ya awali iliniponyoka ikaingia kwenye ufa wa sakafu, nikatafuta siku mbili. Mwisho nikachonga hii kutoka kwa saa ya mezani." Alikuwa akizungumza taratibu. "Skrubu hii ni yangu. Mashine hii ilikuwa kwenye saa yangu mimi."

Na mimi hapo ndipo nikakumbuka. Baada ya ndugu yangu kuondoka, mkono wa Baba ulikuwa na alama nyembamba ya ngozi iliyopauka, mahali saa ilipokaa miaka mingi. Nilimwuliza saa yako iko wapi, akacheka, akanionyesha saa za wateja zilizoning'inia kibandani, akasema, "Hizi zote hazinitoshi?" Nilikuwa mtoto, nikaona ni jibu la kuchekesha.

Baba alitoa lenzi jichoni, akamtazama ndugu yangu usoni.

"Bwana, saa hii umeitoa wapi?"

"Nilipewa na baba yangu."

"Baba yako ni nani?"

"Ni fundi saa," ndugu yangu alisema. "Nakuru."

"Mafundi wa Nakuru nawajua wote. Usinidanganye. Saa hii nilimpa mwanangu anakwenda Amerika. Nilimfunga mwenyewe mkononi." Sauti ilipanda. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Mzee..."

"Nakuuliza, mwanangu yuko wapi?"

Nilisogea ili nimshike Baba, lakini ndugu yangu aliinua mkono kunizuia. Alishuka kutoka kwenye kiti, mwanamume wa miaka arobaini na kitu na tai yake, akapiga magoti kwenye sakafu yangu.

"Yuko salama, mzee."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Ni mzima."

"Anakula?"

"Anakula."

"Mbona haji?"

Nilitazama kisogo cha ndugu yangu, mahali nywele zimeanza kupungua kama za Baba.

"Anaona haya," alisema. "Amechelewa sana."

Baba alifikiri. Hasira ilimtoka usoni polepole, akawa mzee tena. Alichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akaikaza ile skrubu, robo mzunguko tu. Kigurudumu kikaanza kucheza.

"Ilikuwa imelegea tu," alisema. Kisha: "Ukimwona, mwambie nilimdanganya. Kasha ni la bandia. Jamaa mmoja aliniletea saa hii mashine yake ikiwa imekufa, akaniachia. Saa yangu mimi ilikuwa imepasuka uso, imechakaa, sikutaka aende nayo ughaibuni wenzake wamcheke. Nikamwekea moyo wa saa yangu kwenye kasha la kupendeza. Mwambie uso ndio wa uongo. Mashine ni ya kweli."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

Alirudisha mfuniko, akaifuta saa kwa foronya, na ndugu yangu akanyoosha mkono kuipokea. Baba aliitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Hii nitamkabidhi mwenyewe," alisema. "Asante kwa kuileta. Sista, mpe mgeni chai."

Ndugu yangu hakunywa chai. Nilimsindikiza hadi garini. Aliingia, akawasha injini, akafunga mkanda, halafu akabaki pale mikono ikiwa kwenye usukani, akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya Mama. Nilisimama nje na slipa zangu kwenye upepo ule nikagonga kioo, akatikisa kichwa. Nilimwacha alie.

Niliporudi ndani Baba alikuwa anapanga vifaa kwenye mkebe. Nilijua haifai kuuliza, lakini niliuliza.

"Mzee, mbali na huyo kijana aliyeko Amerika, una mtoto mwingine?"

Uso wake ulichangamka. "Ninaye binti. Mdogo. Yuko shule." Akatazama ukutani, akitafuta saa. "Wanatoka saa kumi. Usiniache nilale, Sista, lazima nikamchukue. Barabara ile ina magari mengi na yeye hupenda kukimbia."

"Sitakuacha ulale," nikamwambia.

Alikaa na koti magotini hadi giza lilipoingia. Nilimwambia mama wa mtoto amekwenda kumchukua. Akashukuru.

Baada ya hapo ndugu yangu alikuja kila Jumapili. Kila Jumapili aliingia kama mgeni, na Baba, aliyekuwa sasa anaivaa ile saa, alivuta mkono wa sweta kuifunika, kwa sababu hakuwa amemwamini kabisa mtu huyu. Walizungumza habari za hali ya hewa na bei ya nyama. Ndugu yangu alimkata kucha. Mara moja, mnamo Desemba, Baba alimshika kidevu, akamwangalia kwa muda mrefu. "Unafanana na mtu," alisema. Hakusema nani, na hatukumhimiza.

Februari alipata nimonia. Alikaa hospitalini siku sita. Siku ya mwisho ndugu yangu ndiye aliyekuwa kando yake, mimi nilikuwa njiani nikitoka kazini, nimekwama kwenye theluji. Ananiambia Baba hakusema chochote, alipumua tu, kisha akaacha. Nimemwuliza mara nyingi kama anasema kweli. Anasema ndiyo.

Saa tulikabidhiwa hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na meno ya bandia na soksi. Ilikuwa inatembea bado, kwa sababu haikuwa imepita hata siku moja tangu itoke mkononi. Ndugu yangu hakutaka kuipokea. Nilimwambia Baba alitaka aipate, akajibu kwamba Baba alitaka kumpa mwanawe, naye mwanawe hakufika. Tulibishana kwenye maegesho ya hospitali kama watoto. Mwishowe aliitia mfukoni bila kuitazama, na akasafiri na mwili hadi Nakuru, safari yake ya kwanza ya kurudi. Mimi nilibaki. Watoto walikuwa na shule, na likizo yangu yote nilikuwa nimeimaliza nikimuuguza.

Nilirudi kazini Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kuna mzee mmoja kwenye ghorofa ninayohudumia, Mmarekani, mkulima wa zamani, ambaye hukataa kuvalishwa na mtu yeyote. Asubuhi ile alinyoosha mikono yake miwili kwangu ili nimfunge vifungo vya shati. Nilifunga vyote hadi cha juu. Kisha nikaingia chumba cha mashuka, nikafunga mlango, na huko ndiko mwenzangu wa kazini alikonikuta nikilia.