Nguzo ya Kumi na Moja

Sodnom aliuinua mtaimbo, akaushindilia chini kwa nguvu zake zote, nao nusura umrudie usoni. Alichopata ni kichembe cha udongo, kama ukucha. Ardhi iliganda tangu mwezi wa kumi, na sasa ni mwezi wa kwanza, baridi ya kutema mate yakatua yakiwa barafu. Mzee wa miaka sitini na mitatu anachimba nini wakati kama huu? Subiri kwanza, usimcheke.

Zizi lake liliegemea jabali kwa nyuma, na hema walimoishi lilisimama ubavuni mwake. Nguzo za mbele zilikuwa zimeoza mashinani, na theluji ya mwaka jana ikazilaza zote. Kondoo waliobaki walikuwa arobaini na wawili, karibu wote majike wenye mimba, na katika wiki mbili tu "yule wa mlimani" alikuwa ameshachukua watano. Kwao mbwamwitu hatajwi jina, maana ukimtaja umemwita. Wakiisha hao kondoo, Sodnom na mkewe Yanjmaa hawana mbele wala nyuma. Wataishia mjini, kukaa kwa watu.

Na Yanjmaa alisema! Tangu mwezi wa tisa, udongo ungali laini, alimwambia, "Mzee, chimba mashimo." Mzee akajibu kuwa ardhi haichokonolewi ovyo, lazima siku yake ijulikane. Watu wa huko wote husema hivyo, lakini Sodnom alikuwa na lake moyoni. Miaka saba nyuma alichimba kisima bila kumuuliza mtu siku, na mwezi haukuisha mwanawe wa pekee, Ganzul, akafa kwa ajali ya lori. Hakuna aliyemwambia kuwa ni kisima kile. Alijiambia mwenyewe, akaamini. Basi safari hii alikwenda kwa lama, mtawa wa Kibuddha anayejua kusoma siku, naye akafungua kitabu, akampa siku njema: tarehe ishirini ya mwezi wa kumi. Baridi ikaingia tarehe kumi na mbili. Haya, umlaumu nani?

Ikabaki njia moja, ya moto. Unamwaga gunia zima la samadi kavu ya ng'ombe pale unapotaka shimo, unawasha asubuhi, jioni udongo umelainika shubiri moja. Unachimba, unawasha tena. Ukishasimamisha nguzo, unaizungushia samadi mbichi na maji, na baada ya saa moja imeshikwa kama kwa saruji. Kazi safi, ila samadi hiyo ndiyo hiyo ya kupashia hema joto. Nguzo zilizohitajika zilikuwa kumi na moja.

"Unaipasha ardhi moto, mimi naganda humu ndani," Yanjmaa alimpigia kelele kutoka mlangoni.

"Vaa koti la pili!"

"La pili ndilo hili. La tatu ni wewe, na wewe umebaki mifupa."

Sodnom alicheka, kisha akakohoa mpaka akashika magoti.

Nguzo ya kumi iliposimama, rundo la samadi lilikuwa limebaki la kuchemshia chai tu, na majira ya kuchipua yalikuwa mbali. Jirani yao Luvsan alikuja na pikipiki, akawaletea magunia mawili. Zaidi hakuwa nayo. Alikunywa chai yake ya chumvi amesimama, akiliangalia pengo la nguzo ya kumi na moja.

"Mzee, huko nje unajiua bure," alisema. "Udongo laini uko hapa hapa." Akaonyesha kwa kidevu chini ya jiko, katikati ya hema. "Moto umewaka hapo tangu mwezi wa kumi. Chini ni uji. Na ukivuta zizi mpaka huku, nguzo ya mwisho si inaangukia hapo hapo? Sogezeni hema hatua kumi, basi."

"Luvsan," Sodnom alisema taratibu, "maliza chai yako uende."

Luvsan aliimaliza chai, akatoka. Alijua alichokisema. Mahali pa jiko ni moto wa ukoo. Hata mkihama, majivu yake hayakanyagwi. Kupigilia mti pale ni kuomba nyumba hiyo izimike, asibaki mtu wa kuwasha moto kwa jina lake. Adui ndiye anayefanya hivyo.

Asubuhi iliyofuata walikuta majike wawili wamekufa pale penye pengo. Mmoja alikuwa amepasuliwa, na mwanakondoo wake kando yake, hajaota hata manyoya. Sodnom alipiga magoti kando yao. Aliposikia kishindo nyuma yake akageuka: Yanjmaa alikuwa anafungua kamba za hema, peke yake, kwa mikono mitupu.

"We mwanamke! Una nini?"

"Kamwite Luvsan. Peke yangu siwezi."

Mpaka saa sita walikuwa wamelihamisha hema. Yanjmaa alibeba makaa kwenye sufuria, akayawasha upya kule. Mahali pa zamani pakabaki wazi, duara jeusi linalotoa mvuke kwenye theluji. Luvsan alileta nguzo, akaiweka chini, akarudi nyuma. Sodnom alisimama na mtaimbo mkononi.

"Siwezi," alisema. "Jamani, siwezi. Ni jiko letu hili. Nitaukata ukoo kwa mkono wangu."

Yanjmaa alimkaribia, akamshika kola kama anayemvalisha mtoto.

"Ukoo upi, Sodnom? Wa nani? Ganzul hayupo. Tumebaki mimi na wewe, na mimi na wewe tunataka kula."

Sodnom alimtazama, na machozi yakamgandia kwenye ndevu. Kisha akauinua mtaimbo. Ulizama mara ya kwanza tu, mpaka nusu, bila sauti, na kwa dakika chache shimo likawa tayari. Walisimamisha nguzo, wakaizungushia samadi na maji. Yanjmaa akainyunyizia chai ya maziwa, sadaka ya kuomba radhi.

Kondoo arobaini waliingia zizini mapema. Kabla jua halijazama, nguzo ilikuwa imeshika kuliko zote. Sodnom aliisukuma kwa bega, akaisukuma tena, akiomba moyoni itikisike, japo kidogo, ajue kuwa jiko limeikataa.