Sauti Yangu Ndani ya Flamingo wa Mercy

Uvumilivu wangu uliisha siku ile Mwalimu Kiptoo aliniambia mbele ya darasa zima, mwanangu Teddy akiwa ananyonya, "Mama Teddy, hebu sogea uone vile Mercy amefanya." Tangu mafunzo yaanze kazi yangu ilikuwa kusogea na kuona. Mercy ndege wake anapaa vizuri, Mercy ziwa lake linang'aa, Mercy hivi, Mercy vile, na Mercy mwenyewe akageuka kwa kiti akaniambia na kale kasauti kake ka huruma, "Usijali Mama Teddy, wewe uko na majukumu." Majukumu! Nilisikia kitu kikikatika kichwani, na aibu yote ninayowaambia hapa ilianzia hapo.

Tulikuwa tunajifunza kutengeneza gemu, zile unagusa linki tu inafunguka kwa simu, bure, kwenye ukumbi wa mtaa hapa Section 58, Nakuru. (Baba Teddy anafanya kazi mbali, kwenye mitambo ya stima Olkaria, tunamwona wikendi moja moja, na mimi na fomu foo yangu nilikuwa nimechoka kukaa nikiangalia nepi zikikauka.) Mwishoni mmoja wetu angebaki kama msaidizi wa mwalimu na apewe laptopu ya kwenda nayo nyumbani. Hiyo nafasi niliitaka vibaya, mpaka nilikuwa nimeshaamua laptopu itakaa kwa kabati gani. Gemu yangu ilikuwa ya mama wa mahindi choma akitoroka askari wa kanjo, na ilikuwa nzuri, ila mama alikuwa anakwama kwa ukuta hataki kutoka. Mercy naye alikuwa na flamingo. Ukigusa kioo, anapiga kelele anapaa. Basi. Mtu anaishi Nakuru, kando ya ziwa la flamingo, anafikiria weee, anakuja na flamingo, na watu wanapiga makofi!

Nikafika nyumbani, na badala ya kumtoa mama wangu kwa ukuta (huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza), nikafungua gemu ya Mercy kwa simu yangu. Darasa zima tulikuwa tunatumia akaunti moja na paswadi moja iliyoandikwa ubaoni kwa chaki, eti kila mtu akiwa na yake ni usumbufu. Nikachukua picha ya Mercy kwa grupu ya darasa, ile amepaka midomo, nikakata kichwa nikakibandika juu ya shingo ya flamingo, na ukweli usemwe, kilikaa vizuri sana. Halafu nikatoa ule mlio wa ndege nikarekodi wangu: "Shuka huko, kimbelembele!" Nilicheka peke yangu mpaka machozi, nikabonyeza pa kuhifadhi, nikijua ni nakala yangu ya kumwonyesha dada yangu tu, si ya mtu mwingine.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mchungaji alikuwa, Mzee Harjit wa duka la hadiwea aliyetukopesha viti alikuwa, na mama mkwe wangu akakaa mbele kabisa na kitambaa chake cha kanisa, akimshika Teddy. Mercy akasimama na suti. Mwalimu akaandika linki ubaoni, akasema, "Kila mtu atoe simu aguse flamingo."

Simu ya kwanza ikapiga kelele: "Shuka huko, kimbelembele!" Kumbe kwa akaunti yetu moja nilikuwa nimehifadhi juu ya ile ya Mercy mwenyewe! Ya pili, ya tatu, halafu ukumbi wote, simu haziendi pamoja, kila mtu anagusa kwa wakati wake, na kwa ukuta, pale projekta inamulika, kichwa cha Mercy na lipstiki yake kinapaa juu ya ziwa. Hiyo ingetosha, mtu angekana. Lakini nilikuwa nimerekodi bila kukata mwisho, kwa hivyo baada ya kimbelembele kinafuata kilio cha Teddy, halafu sauti ya kutoka jikoni: "Mama Teddy, si unyonyeshe huyo mtoto, ama umeolewa na simu?"

Mama mkwe akasimama wima. "Ngai! Si huyo ni mimi?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee Harjit alikuwa anagusa simu kama mtu anayekanyaga breki, akiniangalia, "Mathe, ni wewe? Ni wewe kabisa!" Mercy aliniangalia pia, na hapo nilimhurumia, nakubali, kwa muda mfupi. Nikamnyakua Teddy nikatoka nikajificha nyuma ya vyoo, na nikiwa huko nikasikia mwalimu akiita gemu ya mahindi choma, "Mama Teddy! Mama Teddy yuko wapi?" Nafasi yangu ikaenda hivyo, nikinusa choo.

Kumbe nilipotoka, Mercy alikohoa akawaambia watu kwamba alipanga hivyo, alitaka flamingo aongee kama wamama wa mtaa. Akashinda! Baadaye alitoa kichwa chake kwa gemu, sauti akaiacha, na sasa watoto wa Section 58 wanacheza hiyo gemu kila mahali na vijana wa boda wananisalimia, "Niaje, kimbelembele." Laptopu iko kwa kabati ya Mercy.

Sitagusa tena kazi ya mtu nikiwa na hasira. Nimeapa, na nitamaliza kwanza kumtoa mama wangu wa mahindi kwa ukuta. Lakini kunyamaza sikuweza. Nilienda ofisi ya mafunzo, karani akaniuliza, "Unalalamika, ama umekuja kuomba msamaha?" Nikamwambia anipe karatasi, nikaandika:

"Kwa Msimamizi wa Mafunzo. Mimi, Mama Teddy, nalalamika rasmi. Kwanza, darasa zima kupewa paswadi moja ni uzembe wa ofisi yako. Pili, kichwa nilikiweka mimi, na kwa hicho naomba Mercy anisamehe. Tatu, sauti ya gemu iliyoshinda ni yangu, kilio ni cha mwanangu, na hayo maneno ya mwisho ni ya mama mkwe wangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa. Nataka majina yetu sisi watatu yaandikwe gemu ikifunguka, juu ya la Mercy."