Meno Nyuma, Mistari Mbele

Kivuti wa Siakago alikuwa fundi wa cherehani, lakini usimpelekee suruali akushonee, maana hata vifungo vyake mwenyewe alishonewa na watu. Kazi yake ilikuwa kuzitibu mashine zenyewe. Iliyokata uzi, iliyoruka mishono, iliyolia kama mtoto mwenye njaa, zote alizifungua, akazipiga brashi, akazitia mafuta, na kabla chai haijapoa mshonaji alikuwa amerudi kazini. Sanduku lake la vyuma lilijulikana kwenye baraza zote za washonaji kuanzia Embu hadi Majengo kule Meru. Miaka ile ya emajensi, hali ya hatari ya Mkoloni, wakati mtu hakuweza kuvuka hata kijito bila karatasi, Kivuti alikuwa na pasi ya kupita, kwa sababu wake za machifu nao walitaka nguo za Krismasi.

Pasi ilikuwa na sharti lake. Njia ni yako kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Filimbi ya karfyu ikishalia, uwe ndani ya kijiji, lango limefungwa, mtaro umekuzunguka, la sivyo utajieleza mbele ya bunduki ya homgadi, mlinzi wa serikali pale kijijini. Kwa baiskeli, kutoka Siakago hadi Nkubu kulimla Kivuti siku mbili na kulala kwa watu njiani.

Hata hivyo Nkubu alienda, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwenye baraza moja pale sokoni palikuwa na mshonaji, msichana aitwaye Gacheri, na mashine ya Gacheri iliharibika mara nne katika miezi mitatu. Mashine mpya, jamani! Mara ya nne Kivuti aliifungua, hakuona ubovu wowote, akainua macho, akamkuta Gacheri anacheka. Kuanzia hapo wenye macho hawakuambiwa tazama.

Baba yake Gacheri, mzee Marete, hakumfukuza. Alimkaribisha, akampa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema la moyoni.

"Kijana, wewe ni mtu mzuri, mimi sina neno. Lakini huko kwenu ni mbali. Kijana yangu wa kwanza alipandishwa lori mwaka wa hamsini na tano, akapelekwa kambi, mpaka leo sijaona yeye. Sasa nikupatie huyu msichana aende Siakago, na hii mambo ya pasi, nitaona yeye lini?"

Mzee akaendelea.

"Sikiza. Siku ile utatoka kwako asubuhi, ulete asali ya wazee hapa kwangu kwa mkono yako, na urudi kwako kabla ya filimbi, karani wa huko akupigie muhuri na aandike saa, siku hiyo nitajua Siakago si mbali. Utachukua msichana. Bila hiyo, tusisumbuane."

Kwenda na kurudi, siku moja! Mtu mwingine angekwenda kutafuta mchumba karibu na kwao. Kivuti alikwenda Majengo kutafuta pikipiki.

Mithika, rafiki yake aliyetengeneza baiskeli karibu na msikiti, ndiye aliyempeleka kwa Bi Karwirwa, mjane wa mwenye bucha. Marehemu alikuwa amebebea nyama pikipiki moja ya Kiingereza, ya kabla ya vita, na tangu azikwe ilikuwa imesimama chini ya paa la mabati, kuku wakiitagia mayai kwenye kiti.

"Mume wangu aliipenda kuliko mimi," alisema Bi Karwirwa. "Nami sikuona wivu, maana mimi nilimjibu na yenyewe ilinyamaza. Lakini nakuonya, mwanangu. Mbwa wanaijua."

"Mbwa?"

"Utaona mwenyewe."

Kivuti alitoa mayai, akasafisha plagi, akapiga teke mara saba. Mara ya nane ilikohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Mithika alitaka kuangalia rangi na kutu. Kivuti alifumba macho akasikiliza, kama alivyozisikiliza cherehani zake, na akatabasamu. Chuma kilikuwa kizee lakini hakikuwa na uongo. Wakapatana pale pale, na Bi Karwirwa akambariki akifuta machozi kwa ncha ya leso. Walipotoka barabarani mbwa watatu wa Majengo waliwafuata wakibweka, kwa kuwa harufu ya miaka minane ya nyama haitoki kwa kitambaa na maji.

Tatizo lilikuwa tairi. Zile za marehemu zilikuwa na upara kabisa, ungeweza kujitazama ndani yake. Basi wakaisukuma hadi duka la Mhindi katikati ya mji, na hapo ndipo Kivuti alipomtoa mwenye duka jasho.

Kulikuwa na aina mbili. Moja ilikuwa na meno makubwa, yamesimama kama kokwa za parachichi. Nyingine ilikuwa na mistari mirefu iliyozunguka tairi nzima. Kivuti aliziteremsha zote, akazibonyeza, akazinusa, akaziviringisha barazani. Watu wakajaa, na kila mmoja alikuwa bingwa.

"Chukua meno mbele na nyuma," alisema Mithika. "Huku kwetu Meru ikinyesha, barabara inakuwa uji."

"Na huko kwetu ni kukavu na miiba ya migunga," alisema Kivuti. "Hiyo ya meno itanitikisa mpaka asali imwagike."

"Basi chukua mistari."

"Na matope?"

Mwenye duka akachoka. "Bwana fundi, mchagua jembe si mkulima!"

"Mkulima akikosea jembe atalima kesho," Kivuti akamjibu. "Mimi nimepewa siku moja."

Akaketi kwenye ngazi, kidevu mkononi, akaitazama cherehani ya mshonaji aliyekuwa akifanya kazi barazani hapo. Aliitazama kwa muda mrefu. Chini ya sindano kuna vile vyuma vidogo vyenye meno, na hivyo ndivyo vinavyosukuma kitambaa. Sindano haisukumi kitu, yenyewe hufuata mstari tu. Kivuti akaruka juu kama aliyeumwa na siafu.

"Nipe meno ya nyuma na mistari ya mbele! Ya nyuma isukume, ya mbele ionyeshe njia!"

Umati ukacheka kwamba amenunua kiatu na ndara. Mithika hakucheka. Alizifunga tairi jioni hiyo mwenyewe, na ndani, kati ya tairi na mpira, akapanga vipande vya zile kuukuu ili miiba ikwame humo. Walipomaliza Kivuti aliizunguka pikipiki mara tatu. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu mbele ya mwenzake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Aprili, mwaka wa hamsini na saba. Lango lilipofunguliwa Siakago Kivuti alikuwa tayari, kibuyu cha asali kimefungwa kifuani kwa shuka kama mtoto mchanga. Alipita nchi ya migunga, na miiba ikamshindwa. Akapanda Runyenjes, akapita Chuka, akashuka na kupanda mabonde yasiyokwisha, na kila soko mbwa walimsindikiza. Aliimba. Sauti yake haikuwa nzuri, ila injini iliifunika. Saa nne na nusu aliingia kwa Marete na asali haikupungua hata tone.

Wazee waliionja, wakalamba vidole, wakaonja tena ili wasikosee. Gacheri alipita uani mara tatu akitafuta kuku asiyekuwepo. Mama yake, Karambu, hakuonekana, wala Kivuti hakutarajia kumwona. Kwa Wameru mwanamume na mama wa mchumba wake hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, tena kubwa. Karambu alikuwa ameondoka alfajiri na pasi yake, kwenda kwa dada yake ng'ambo ya Mto Mutonga kuchukua mbegu za viazi, ili nyumba ibaki wazi kwa mgeni.

Saa saba Kivuti akaaga, na mvua ikaaga naye. Barabara ikawa uji kweli, lakini meno ya nyuma yaling'ata na mistari ya mbele ikaonyesha njia. Kwa mwendo ule angefika Siakago robo saa kabla ya filimbi. Ndipo, kwenye mteremko wa Mutonga, akamwona mama mmoja ameketi ukingoni mwa barabara, gunia pembeni, mguu mmoja umenyooshwa. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha bluu chenye maua meupe. Gacheri aliwahi kumwonyesha kitambaa hicho kwa mbali sokoni: yule ndiye mama, usimtazame.

Naye mama aliijua pikipiki kwa mlio kabla ya kuiona, maana sifa zake zilikuwa zimetangulia. Alijifunika uso na kugeukia ukuta wa udongo. Kivuti alizima injini akageukia bondeni. Wakabaki hivyo, mgongo huku na mgongo kule, mvua ikiwanyeshea wote wawili bila heshima yoyote.

Kumsemesha moja kwa moja hakukuwezekana. Kivuti akaisemesha pikipiki.

"Wewe chuma, nauliza. Huo mguu umepata nini?"

Halafu sauti ya Karambu ikatoka ndani ya kitambaa, kwa Kimeru cha polepole ambacho Mmbeere kama Kivuti angekishika bila shida.

"Chuma, mwambie mwenyewe mguu umeteguka. Mwambie pia aende zake. Nasikia anangojewa muhuri."

"Chuma, lango la kwao linafungwa saa ngapi?"

"Linajulikana linafungwa saa ngapi."

Hesabu haikuhitaji shule. Kwa mguu ule asingefika kijijini kabla ya giza, basi la abiria halikupita siku ile kwa ajili ya mvua, na homgadi hawakuuliza kwanza mtu ameteguka wapi. Kumrudisha ni kupoteza saa nzima, na saa nzima ni muhuri, na muhuri ni Gacheri. Zaidi ya hayo, kumpakia mama mkwe kwenye pikipiki! Hata kuliwaza neno hilo kulimchoma masikio. Kivuti alikaribia kulia, nasema ukweli, na hakuna wa kumlaumu.

Kisha akaigeuza pikipiki, ikatazama Nkubu.

"Chuma," akasema, "mwambie huyo mama mimi natazama mbele tu. Yeye atazame nyuma. Gunia likae katikati. Hapo nani amemwona nani?"

Karambu alifikiri. Alikuwa mama aliyezaa saba na kuchimba mtaro wa kijiji kwa mikono yake, hakuwa wa kufa kwa aibu. Kivuti akaishikilia pikipiki macho yakiwa mbinguni. Akasikia guno, kishindo cha viazi, kisha uzito ukashuka juu ya kile chuma cha nyuma cha kubebea nyama.

Upandaji wa kilima kile watu wa Mutonga waliusimulia miaka mingi. Uzito wa mama na wa viazi uliyakandamiza meno ya nyuma ardhini, na pikipiki ikapanda kama mbuzi. Walipopita soko dogo la juu mbwa wakatoka, watano au sita, na Karambu, aliyekuwa akiwatazama macho kwa macho, akasahau mila, akasahau chuma.

"Kivuti, ongeza moto! Yule mwekundu ananitaka mguu!"

Akaongeza. Nyuma yake akasikia kitu ambacho hakukitegemea. Mama mkwe alikuwa anacheka, kicheko cha msichana, na kila mbwa aliyebaki nyuma alimwongezea kingine. Kivuti naye akashindwa kujizuia. Wakaingia kijijini mmoja anatazama mbele, mmoja nyuma, wote wawili wanacheka na matope mpaka kwenye nyusi. Homgadi wa langoni alisahau kuomba pasi.

Marete aliwasubiri uani. Alimtazama mkewe akisaidiwa kushuka, akautazama mguu, akalitazama jua.

"Hii muhuri ya Siakago hutapata leo."

"Sitapata, mzee," alisema Kivuti. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Nimeshindwa."

Mzee hakujibu. Alichukua fimbo yake akaenda kwa mkuu wa kijiji, akarudi na karatasi iliyomruhusu mgeni kulala. Kivuti akakalishwa nyumba kubwa, bakuli la uji mkononi, asiweze kuunywa. Ng'ambo ya ukuta wa fito, jikoni, Karambu alikuwa ameloweka mguu kwenye maji ya moto, na Gacheri alimkanda.

"Mama Gacheri," mzee akauliza kwa ukali mbele ya wazee wawili, "huyu kijana alikugusa?"

"Viazi ndivyo vilivyomgusa," sauti ikajibu.

Wazee wakatazama chini. Bega la mmoja lilianza kutikisika.

"Na alikuona?"

"Hakugeuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyeona, niliona mbwa wote wa Imenti yetu hii." Maji yakasikika yakimiminwa. "Sasa muulize. Kutoka hapa hadi Siakago, mtu anayetazama nyuma atafika saa ngapi? Maana mwanangu akishakwenda huko, mimi nitakuwa nakwenda kumwona, na nataka kujua nibebe gunia la ukubwa gani."

Mkono wa Gacheri ulikuwa umesimama juu ya mguu wa mama yake. Marete alizikuna ndevu zake, akautazama ukuta, akamtazama Kivuti, akautazama ukuta tena.

"Ngoja kwanza," akasema. "Na mimi, kwa hiyo pikipiki, nitakaa wapi?"