Sauti Iliyoshushwa Vyumba Viwili

Mpiga besi wa Bendi ya Ndugu hakuwa adui wa maendeleo, na alitaka hilo lieleweke kabla mtu hajaanza kumcheka. Katika duka lake la miwani alikuwa wa kwanza mtaani kununua mashine ya kusoma lenzi, na ndiye aliyemfundisha mkewe kulipia umeme kwa simu. Lakini kwa ile pedali yake ya besi, kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kisichozidi ukubwa wa daftari la shule, chenye sauti nyingi kuliko ambazo mtu mmoja angezitumia maishani, msimamo wake ulikuwa mmoja: kinachofanya kazi hakiguswi.

Watengenezaji wa pedali hawakuwa na msimamo huo. Kila baada ya muda walitangaza sasisho, kwamba programu ya ndani imeboreshwa, uichomeke kwenye kompyuta, ungoje mstari ujae, ushukuru. Mpiga besi aliwafananisha na shemeji mwenye moyo mwema anayekuja kukaa siku mbili, naye akiona jiko lako anashindwa kujizuia. Ukirudi kutoka kazini unakuta kila sufuria linang'aa, ila chumvi hujui iko wapi. Na kumgombeza huwezi, maana amekusaidia. Mkewe, mwalimu wa sayansi, aliposikia mfano huo mara ya kwanza aliuliza kwa upole kama shemeji anayesemwa ni dada yake. Tangu siku hiyo mfano ukawa wa jirani.

Basi masasisho matatu yalikuja yakapita, naye akayatazama kama mtu anayetazama mabasi ya njia isiyo yake. Mkewe alidhani ni ukaidi tu. Sababu yenyewe hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa haikuwa siri yake peke yake.

Mwimbaji wa bendi alikuwa kaka yake mkubwa. Marehemu baba yao alikuwa mkuu wa shule, mtu ambaye hadi leo watu wazima husimama wima jina lake likitajwa, na alipokubali wanawe wapige muziki aliwapa sharti moja: wakipanda jukwaani wajue wamepanda na jina lake. Walilishika sharti hilo. Bendi ya Ndugu haikulewa kazini, haikuchelewa, na haikuvaa mashati yasiyopigwa pasi. Na kaka mkubwa aliimba kwa sauti ambayo wageni waliacha vijiko kuisikiliza.

Sauti nayo huzeeka, ila haitoi mvi mtu akaziona. Kwenye arusi ya binti wa daktari mmoja, kaka mkubwa alipanda kuifuata noti yake ya juu, ile aliyoizoea kama mlango wa nyumbani, akakuta imefungwa. Sauti ilikwaruza. Vijana wa meza ya nyuma wakacheka. Yeye alisema ni kikohozi. Wiki hiyohiyo mama yao alimwita mpiga besi, akamkaribisha chai, akazungumza habari za mvua na za bei ya mabati, kisha akasema, "Kakako asichekwe tena. Mtafanya nini sitaki kujua."

Mpiga besi alikwenda kwa mpiga kinanda, mtu mkimya anayefumba macho akipiga, ndiyo maana walimwita Shemasi, wakapanga wao wawili. Shingo ya besi imekatizwa na vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma wao huiita chumba. Nyimbo za kaka zingeshushwa vyumba viwili, kiasi cha kuifanya ile noti ya juu ifikike bila mtu kutambua. Kwa Shemasi kazi ilikuwa ndogo: kinanda chake kina kitufe cha kushusha, anakibonyeza na vidole vyake vinaendelea palepale. Shida ilikuwa besi. Kaka mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupiga, na akiwa jukwaani humtazama mkono. Vidole vikihama vyumba viwili angeviona kabla hajavisikia. Nyuzi nazo zisingeweza kulegezwa, kwa sababu wakati wa mapumziko ya mazoezi hakosi kuichukua besi na kuipapasa kidogo, kwa mazoea.

Ndipo ile pedali ikanunuliwa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya kushusha. Mpiga besi alipiga palepale alipopiga siku zote, na kilichotoka kwenye spika kilikuwa chini vyumba viwili. Aliihifadhi akaipa jina "Kaka", na ndiyo hiyo aliyoogopa sasisho lisije likaigusa. Tangu hapo mwimbaji alipata ujana mpya. Akawa anasema ni tangawizi. Akaacha maji baridi, akawashauri ndugu wote waache, akamwandikia hadi mwalimu wa kwaya wa kanisani ujumbe mrefu kuhusu tangawizi na asali. Mpiga besi alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa juu ya nyuzi zake, akiridhika kama mtu aliyemwekea mwenzake mto mgongoni bila mwenzake kuamka.

Kasoro ilikuwa moja. Ile sauti ya kushushwa ilitoka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kwanza ndipo ajibu salamu. Wageni hawakuisikia, lakini mpiga dramu aliisikia. Siku za kazi yeye ni muuza rangi za nyumba, na ulimi wake haujui foleni. Akaanza kumwambia mpiga besi kwamba kama miguu inauma aletewe kiti, na kwamba besi yake imekuwa kama mkwe, haiji mpaka itumiwe gari. Mpiga besi alivumilia. Kisha sasisho la nne likatoka, na maelezo yake yakasema wazi kuwa ucheleweshaji katika sauti za kushusha umeondolewa.

Aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Akamwambia mkewe kwamba hata jirani anayepanga jiko huenda siku moja akaziba bomba linalovuja.

Alifanya kila kitu kwa adabu yake yote. Aliazima kompyuta ya binti yake, akaichaji ikajaa, akawakataza watu kupita karibu na waya. Mstari ulijaa, pedali ikazima, ikawaka. Jina "Kaka" lilikuwepo palepale. Akavaa spika za masikioni, akakanyaga, akapiga.

Ilikuwa nzuri ajabu. Hapo zamani, akiwa peke yake na sauti hiyo, aliisikia besi kwa namna mbili: uzi wenyewe ukilia mkononi juu kidogo, na masikioni ukilia chini, vitu viwili visivyopatana. Safari hii uzi na sauti vilikuwa kitu kimoja. Hapana kuchelewa, hapana kugombana. Alitabasamu peke yake sebuleni, akawaombea heri wahandisi wa nchi za mbali. Hakujiuliza inawezekanaje sauti iliyoshushwa ilingane na uzi ambao haujashushwa. Toleo jipya lilikuwa limeleta kishushio kipya mahali pa kile cha zamani, likakiweka kwenye sifuri, na chini ya jina "Kaka" hakukuwa na chochote kilichoshuka.

Wiki ile hawakufanya mazoezi, kaka alisafiri kikazi. Jumamosi walikutana moja kwa moja kwenye ukumbi, kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wa chuo cha ualimu, ambaye alikuwa mwanafunzi wa baba yao. Nusu ya wageni walikuwa wanafunzi wa baba yao. Mama yao alipewa meza ya mbele, akakaa mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti. Mitambo ilijaribiwa chombo kimoja kimoja, na kila chombo kikiwa peke yake kilikuwa sawa.

Walifungua kwa muziki usio na maneno, wageni wakichukua chakula. Kisha kaka mkubwa akapanda amevaa suti yake ya kijivu, akainama kwa meza ya mbele, akashika kipaza sauti. Mpiga besi akakanyaga. Taa ikawaka kijani.

Pigo la kwanza tu, alijua. Kinanda kilikuwa chini, besi ilikuwa juu, na katikati mlikuwa na kelele kama ya makabati yanayoburutwa. Alihamisha vidole haraka vyumba viwili chini amfuate Shemasi. Shemasi naye, kwa wema uleule, alikwishabonyeza kitufe kupanda amfuate yeye. Wakakosana tena, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake upande uleule. Mpiga besi akarudi juu. Sasa walikuwa pamoja, lakini pale wimbo ulipokuwa miaka ya ujana, na mwimbaji alikuwa ameshafungua kinywa.

Beti zilipita salama. Wimbo ulipofika kwenye ngazi, pale unapopanda kuifuata ile noti ya juu, kaka mkubwa alipanda hatua ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu sauti ikapasuka. Mpiga besi hakuthubutu kutazama meza ya mbele. Kaka aliweka ngumi mdomoni, akakohoa, kisha akawanyooshea wageni kipaza sauti kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Walimu hawahitaji kuombwa mara mbili; ukumbi mzima ukaimba. Wimbo ukaisha kwa makofi. Kaka akaomba mapumziko mafupi.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na chumba cha kuwekea viti na vitambaa vya meza. Waliingia wote wanne, kaka mkubwa akafunga mlango. Hakupaza sauti. Katika ukoo ule hasira ikipanda, sauti hushuka.

"Ule wimbo ulikuwa juu," alisema.

Shemasi akaanza kukagua viatu vyake. Mpiga besi akaona hakuna pa kujificha.

"Ulikuwa mahali pake, kaka. Siku nyingine ndizo zilikuwa chini."

"Chini kiasi gani?"

"Vyumba viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu arusi ya binti wa daktari."

Kaka mkubwa akakaa juu ya rundo la viti. Akasema polepole, "Na mimi nimemwandikia tangawizi mwalimu wa kwaya."

Mpiga dramu, ambaye kwa kawaida asingeliacha neno kama hilo lipite, aliliacha likapita.

"Mmenidanganya," kaka akasema.

"Tumekusitiri."

"Kuna tofauti?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi ya besi ni kumsitiri mwimbaji," mpiga besi alijibu. Akamweleza yote, ile pedali, sasisho, sifuri, na jinsi alivyofurahi peke yake sebuleni kama mjinga. Kaka aliuliza nani mwingine anajua. Alijibiwa kuwa ni waliomo ndani ya chumba kile, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu mama alikuwa amekataa kujua.

Nje mshereheshaji alikwishaanza kuwapooza wageni kwa vichekesho. Kaka aliuliza kama mashine inaweza kurekebishwa hapo hapo. Mdogo wake akasema kishushio kipya hajakizoea, kinataka utulivu, na leo hautoshi.

"Basi lete besi."

Aliipakata, akashika sikio la kukazia uzi mnene, akaulegeza huku ameinamisha kichwa. Aliposhuka chumba kimoja akaachia.

"Kimoja kinatosha," alisema. "Viwili ni vya wazee."

"Kaka, wimbo unaofuata ndio wenye ngazi ndefu."

"Basi kimoja na nusu."

"Hicho kwenye kinanda sina," Shemasi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Hapo mpiga dramu alishindwa, akacheka, na kicheko kikamkamata kaka mkubwa kabla hajakikwepa. Alijifuta macho. Akaimba ile ngazi kwa sauti ya chini, peke yake, akitazama ukuta. Akafika juu kwa taabu. Akakaa nayo kidogo. Kisha akalishika tena lile sikio akaulegeza uzi hadi vyumba viwili, akafanya hivyo kwa nyuzi zote nne, akizipima moja moja kwa sikio, bila mashine yoyote, akamrudishia mdogo wake.

Nyuzi zilizolegezwa ziliyumba chini ya vidole, nene na laini, na mpiga besi ilimbidi azishike kwa huruma. Hazikuchelewa hata chembe. Kaka mkubwa aliimba kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Alipofika kwenye ngazi alipanda bila haraka, akasimama juu, akakaa hapo zaidi ya wimbo unavyotaka, kwa maringo tu, na mkuu wa chuo aliyekuwa akiagwa akaweka chini uma wake.

Baada ya sherehe walikwenda kumsindikiza mama garini. Kaka mkubwa, mtu asiyeweza kulala na jambo, akamwambia, "Mama, kipindi cha pili tulizishusha nyimbo kidogo."

"Nani kakuuliza?" mama akasema. Alipanga kitambaa chake mkobani, akaingia garini, na kabla mlango haujafungwa akaongeza kwamba baba yao leo angekaa akawasikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu kaka mkubwa alifika kwenye duka la miwani, ingawa macho yake hayakuwa na shida. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaomba aonyeshwe hiyo pedali. Kati ya mteja na mteja mpiga besi alikipata kishushio kipya, mahali ambapo mtu yeyote angekitafuta isipokuwa mwenyewe, na akakiri kwamba kwa kweli ni kizuri, hakichelewi. Hata hivyo aliapa kwamba sasisho la tano litamngoja. Wakaanza kuzipitia nyimbo moja baada ya nyingine, besi ikilia kwenye kispika kidogo kando ya kioo cha kujitazamia, kaka akiimba nusu sauti na kutoa hukumu: huu viwili, huu kimoja, huu hata vitatu, sioni haya.

Walipofika kwenye wimbo wa zamani ambao baba yao aliupenda, mpiga besi alikuwa ameshaweka viwili kwa mazoea. Kaka akamzuia mkono.

"Huu uache juu."

"Una hakika?"

Kaka mkubwa aliinuka kitini. Alisimama katikati ya duka, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akijaribu miwani ya kusomea, akauimba ulipo.

Noti ilifika. Mpiga besi akarudisha namba kwenye sifuri, akahifadhi.