Vidoti Vitano kwenye Tepu ya Nasrine

Kwa miaka mitano Nasrine Umutoni alipima macho yake kwa tepu ya kushonea, na hakumwambia mtu.

Ni fundi cherehani mwenye miaka hamsini, na kibanda chake kiko mwendo wa dakika kumi kutoka kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Kila mwaka, baada ya Idi, alishika sindano kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali na uso hadi tundu lake lionekane, akapima umbali huo na kutia kidoti cha wino kwenye tepu. Kidoti cha kwanza kiko kwenye sentimita ishirini na nane. Cha mwisho, hamsini na tano. Mkono wake, ambao aliupima pia, una sitini na mbili.

Mama yake alipofuka akiwa na miaka hamsini na mitatu. Nasrine aliamini anakwenda njia hiyo hiyo, na tepu ilikuwa inamwonyesha kilichobaki. Alihamishia cherehani mlangoni. Alitoa balbu ya manjano akaweka nyeupe yenye nguvu, na kwa wiki kadhaa akaona nafuu. Kisha akaanza kukataa kazi za matundu ya vifungo, darizi na shela za maharusi. Wateja aliwaambia ana kazi nyingi.

Mwezi wa sita mumewe, Hitimana, ambaye husukuma mizigo mpakani, aliazima tepu apime dirisha, akauliza vidoti ni vya nini. Nasrine alidanganya mara mbili, kisha akasema yote. Hitimana aliuliza tu kesho mkewe atavaa nini, maana wanakwenda kupima macho.

Chumba cha vipimo cha kituo cha afya kilikuwa na urefu wa mita tatu. Muuguzi, msichana aitwaye Isimbi, alimkalisha mgongo ukielekea ubao wa herufi. Nasrine aligeuka kuutazama, akaona herufi zote zimeandikwa kinyume. Ukutani mbele yake kulikuwa na kioo. Isimbi alieleza kwamba kipimo kinataka mita sita: nuru inatoka kwenye ubao, inakwenda mita tatu hadi kwenye kioo, inarudi mita tatu hadi jichoni. Nasrine alimkatiza. Hilo analijua kwa wateja wake. Anayesimama hatua moja mbele ya kioo hujiona hatua mbili mbali.

“Kioo imewaongezea chumba,” alisema.

“Bila kujenga. Sasa soma, mama.”

Alisoma hadi mstari wa mwisho, jicho la kulia, kisha la kushoto. Isimbi akamulika ndani kwa tochi ndogo, akakaa hapo muda mrefu kwa sababu alikwishaambiwa habari za mama mzazi. Mwishowe akampa kadi ya kusoma karibu, na hapo Nasrine akashindwa. Akatoa tepu.

Isimbi aliisoma kidoti kwa kidoti.

“Nani alikupimia hii?”

“Mi mwenyewe. Niambie tu imebaki miaka ngapi.”

Muuguzi alivuta kiti karibu. Ndani ya jicho, alisema, kuna lenzi laini inayonenepa tunapotazama kitu cha karibu, ili ikunje nuru iangukie sawasawa nyuma ya jicho. Umri huikakamaza, na sindano inalazimika kusogea mbali. Balbu kali ilibana mboni tu, ndipo picha ikawa wazi kidogo. Ugonjwa wa mama yake ni mwingine. Utatafutwa kila mwaka, lakini leo haupo.

“We hauko unapofuka, mama. Uko unazeeka. Na mi nitafika kule.”

Hitimana alikuwa akingoja nje, kando ya lango. Nasrine alitoka amevaa miwani ya kusomea, akamsogelea karibu zaidi kuliko watu wanavyosogeleana barabarani, na kabla hajaulizwa kitu akakamata kola ya shati lake. Ni shati jeupe alilomshonea mwaka jana, analovaa kila Ijumaa. Mshono ulikuwa umetoka njiani mara mbili, na kifungo cha juu kilishonwa kwa uzi wa buluu.

“Papa Shyaka,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, “ulijua hii?”

“Toka siku ya kwanza.”

“Na umeivaa mwaka muzima mbele ya watu?”

“Ku musikiti watu wanaangalia chini.”

Akamwamuru alivue. Hitimana alikataa, akasema wako barabarani. Nyumbani Nasrine alimvua mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kufumua kola uzi mmoja mmoja, mumewe amekaa kando yake kifua wazi, akingoja.